Baba Yangu kwa Kifaransa

Niliandika kwamba baba yangu ni mrefu. Mon père est grand. Nikampa mwalimu daftari nikiwa nimesimama mlangoni kwake, mguu mmoja ndani, mwingine nje, kwa sababu nilikuwa na haraka. Mimi nina haraka siku zote. Hata pasipokuwa na kinachoningoja, nikikaa dakika kumi magoti yanaanza kucheza yenyewe.

Mwalimu alisoma mstari ule, akanitazama juu ya miwani.

"Baba yako iko mrefu namna gani?"

"Mrefu tu, mwalimu."

"Anafika wapi kwa mlango huu?"

Niligeuka nikautazama mlango. Nikajaribu kumsimamisha baba pale, akilini mwangu, nikashindwa. Kofia yake ilikuja, sauti yake ikaja, harufu ya moshi wa kuni kwenye sweta lake ikaja, lakini urefu haukuja. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimekula naye sufuria moja karibu miaka yote hiyo, na sikujua kichwa chake kinafika wapi kwenye mlango.

"Rudi kwenu," mwalimu akasema, akinirudishia daftari. "Umuangalie kwanza. Kisha uandike."

Nilitoka pale nimenuna. Kazi ilikuwa mistari sita tu kuhusu mtu mmoja wa familia, na wenzangu walikuwa wameshaandika na kusahihishiwa. Nani atatoka Ufaransa kuja kukagua kama baba yangu ni mrefu?

Mwalimu wetu alikuwa fundi cherehani. Alitoka Bukavu miaka mingi iliyopita, akaolewa na dereva wa malori wa hapa Lushoto, dereva akafa, yeye akabaki na cherehani mbili na chumba nyuma ya soko. Sisi tunaoongoza wageni milimani ndio tuliomfuata. Wafaransa walikuwa wameanza kuja kwa vikundi, wanataka kutembea kutoka Lushoto mpaka Mtae, na sisi tulikuwa tunawaonyesha kinyonga kwa kidole, kisha tunacheka wote kwa pamoja kama watu waliorukwa na akili. Basi Jumatatu na Alhamisi, alasiri, watu saba tulikaa juu ya viroba vya vipande vya vitambaa tukajifunza Kifaransa huku yeye akishona.

Alianza na maneno ya kueleza watu, maana ndiyo yaliyokuwa karibu na mkono wake. Mteja akiingia kupimwa, somo linaanzia kwake. "Il est grand," tunaitikia, ni mrefu. "Elle est mince," ni mwembamba. Petit, mfupi. Gros, mnene. Chauve, mwenye upara. Yeye anazungusha futi kamba kiunoni mwa mama wa watu na kutaja namba, sisi tunataja neno. Mama mmoja muuza karoti aliuliza tunamwimbia nini. Mwalimu akamwambia tunamsifu, na sidhani kama alidanganya. Kwake unene na wembamba vilikuwa vipimo, basi. Havikuwa na sifa wala tusi ndani yake.

Sisi ndio tuliokuwa na taabu. Kwetu huku mtu haelezwi kwa mwili wake. Ukimtafuta mtu utaambiwa ni mtoto wa fulani, mjukuu wa yule aliyehamia kutoka Mlalo, shamba lake linapakana na la shehe, mkewe ni wa ng'ambo ya mto. Na utafika. Ukisema "yule mfupi mwenye upara," watu watakutazama kama umemtukana, na kweli utakuwa umemtukana. Mwenzetu mmoja, mpishi wa nyumba ya wageni, alipangiwa kumweleza mama mkwe wake. Alikaa na kalamu saa nzima, akarudisha ukurasa mtupu. Alisema hajawahi kumtazama na hataanza leo kwa ajili ya Wafaransa. Mwalimu alicheka mpaka akakosea mshono, akampangia shemeji yake.

Kwa mzazi ni hivyohivyo. Shikamoo haitolewi macho yakiwa juu. Unapomsalimu baba, macho yako yanakaa chini, kwenye miguu yake, mpaka aitikie na ageukie jambo jingine. Ndiyo maana miguu ya baba naijua. Anavaa katambuga za tairi, mvua na jua, na kidole cha pili cha mguu wa kulia kimepanda juu ya kidole gumba kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Kucha ya kidole gumba imepasuka katikati tangu mimi ni mdogo. Ningeulizwa miguu, ningejaza daftari. Lakini mwalimu alitaka pua, macho, mabega, na huko juu sikuwahi kufika.

Sasa lazima niseme baba alikuwa katika hali gani, kwa sababu hilo ndilo lililoninyima raha kuliko Kifaransa chote. Alikuwa ameanza kusahau. Kwanza alisahau alikoweka jembe. Kisha akawa hajui kama ameswali, anaswali tena. Kisha akasahau kwamba mama amefariki, na kila tulipomwambia alilia upya, mpaka tukaacha kumwambia, tukawa tunasema ametoka kidogo. Na akaanza kutembea. Anaamka, anavaa kofia, anatoka. Ukimwuliza anakwenda wapi anasema, "Pale." Majirani walikuwa wakimrudisha kutoka shuleni, kutoka msikitini, mara moja kutoka kwenye njia ya msitu wa Magamba. Wote walijua ni mzee wa nani, kwa hiyo alirudi. Hofu yangu ilikuwa moja tu. Niliogopa siku atakayofika kwa watu wasiojua ni wa nani. Mwezi wa saba ukungu unashuka saa kumi, na mzee wa umri wake hawezi kulala nje akaamka.

Nitakiri jambo. Sikumkasirikia kwa kutembea kwake. Nilimwonea wivu. Kaka zangu walikwenda Tanga na Dar es Salaam wakatulia huko kimya, wanapiga simu Idd na Idd. Mimi binti niliyebaki ndiye ninayetaka kuondoka kila siku ya Mungu. Kifaransa nilikuwa najifunza ili kinichukue kinipeleke mbali, huo ndio ukweli, na kila nilipofunga daftari nilimwona baba kwenye benchi, ameshika kofia mkononi, naye anafikiria njia. Tulikuwa watu wawili tusiotulia ndani ya nyumba moja, na mmoja ndiye aliyepewa kazi ya kumzuia mwenzake.

Alhamisi asubuhi jua lilitoka vizuri. Baba alikaa kwenye benchi mbele ya nyumba, akasinzia. Nilichukua kigoda nikakaa hatua mbili kutoka kwake, daftari magotini. Kwanza nilitazama nyuma, kama mwizi, nione kama kuna jirani ananiona. Sijui nieleze vipi aibu ile. Kisha nikainua macho nikamtazama baba yangu.

Hakuwa mrefu. Alikuwa mfupi, mfupi kuliko mimi, na pale alipokaa visigino vyake havikugusa ardhi sawasawa. Nikakata neno grand, nikaandika petit. Alikuwa amekonda, maigre, shingo imesimama peke yake ndani ya kola ya sweta la kijani. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka chini ya lile la kulia kwa upana wa kiganja. L'épaule gauche. Nilitazama lile bega muda mrefu kabla sijaelewa. Ujanani alibeba mbao kutoka msituni mpaka mjini, miaka na miaka, begani upande mmoja. Nilikuwa nimekula mbao zile, nimevaa mbao zile, nimesomeshwa na mbao zile, na sikuwahi kuona zilipokuwa zikikaa.

Niliendelea. Sikio la kulia lilikosa kipande kwa juu, na sikujua kilikwenda wapi. Kichwani alikuwa na upara, chauve, na kidevuni ndevu nyeupe chache. Karibu na jicho la kushoto palikuwa na kovu dogo, une cicatrice, neno ambalo ilibidi nilitafute kwenye simu. Niliandika haraka. Nilikuja kugundua baadaye kwamba kwa muda wote ule magoti yangu yalikuwa yametulia.

Kisha akafungua macho. Yalikuwa kahawia, na pembeni yana mduara wa samawati iliyofifia, ule wa uzee. Nilipaswa kuyaangusha yangu. Sikuyaangusha. Nilikuwa natafuta neno la Kifaransa la rangi ile.

"Unanikagua kama mbuzi wa mnadani?" akasema.

"Samahani, baba."

"Wewe ni binti wa nani?"

Nikacheka, kicheko kibaya cha woga. "Ni mimi, tate," nikamwambia, kwa Kishambaa, vile tulivyomwita tukiwa wadogo. "Mimi ni binti yako."

Alinitazama, akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaogopa.

"Binti yangu ana adabu," akasema. "Binti yangu hanitazami. Wewe una macho makavu."

Akainuka, akaingia chumbani kwake, nikasikia anaburuta sanduku kuliegemeza mlangoni.

Heri ningenyamaza. Lakini mimi nina hasira za karibu. Niliugonga mlango ule kwa kiganja nikapiga kelele kwamba mimi ndiye ninayempikia, mimi ndiye ninayemfulia, na hao watoto wake wenye adabu wako wapi? Nilimpigia kelele baba yangu mzazi, mchana kweupe, majirani wakisikia. Jioni alikula bila kuinua uso, akanishukuru kama mtu anavyoshukuru nyumba ya ugenini. Darasani sikwenda.

Kesho yake, Ijumaa, nilikuwa na wageni wawili wa kuwapeleka Irente. Nilimwomba mama jirani, ambaye hutusaidia siku kama hizo, amwangalie mzee. Nikaondoka kabla baba hajafungua mlango, kwa sababu sikutaka kukutana na macho yake. Nilikimbia, tusidanganyane. Kule Irente wageni walikaa kwenye jabali wakitazama tambarare kule chini, wakaniuliza mbona mimi sikai. Nikawaambia jiwe ni la baridi. Nilizunguka nyuma yao mpaka wao wenyewe wakachoka, wakasema turudi.

Niliporudi nyumbani saa saba, benchi lilikuwa tupu. Mama jirani alisimama uani ameshika kichwa.

"Alinijibu vizuri kabisa," akaniambia kabla sijauliza. "Nilimkuta njiani amebeba mfuko wa maparachichi. Nikamwuliza, mzee, safari ya wapi? Akasema kwake kuna mgeni asiyemjua, kwa hiyo anakwenda kumtafuta binti yake. Mimi nikajua anakufuata wewe mjini. Nikamwacha apite. Nisamehe, mwanangu."

Sikuwa na la kumsamehe. Mgeni asiyemjua alikuwa ni mimi.

Ni maparachichi yaliyonieleza alikokwenda. Nilisoma sekondari ya bweni upande wa Soni, na kila mwisho wa mwezi baba alishuka kule kwa miguu na mfuko wa maparachichi, akasimama getini mpaka niitwe. Binti ambaye baba alitoka kumtafuta alikuwa na miaka kumi na tano, anavaa sare, na akimsalimu baba yake hutazama chini.

Mama jirani alikimbilia msikitini kwetu wakatangaze. Mimi nilichukua bodaboda. Njia nzima ya kushuka Soni nilikuwa natazama kingo za barabara, kwenye mitaro, kwenye migomba, chini ya madaraja, na kila mzee aliyesimama kando nilimpiga dereva begani asimame. Hakuwa yeye. Getini pale shuleni mlinzi aliniambia ndiyo, mzee mmoja alikuja asubuhi akamwulizia mwanafunzi, wakamwambia hakuna mwanafunzi wa jina hilo, akashukuru akaondoka. Kwa upande gani? Mlinzi alionyesha kwa mkono, mkono ukazunguka Soni nzima.

Nilikwenda msikitini. Swala ya Ijumaa ilikuwa imekwisha, lakini watu walikuwa bado wako nje, wengine wakivaa viatu. Nilimwendea shehe wao.

"Asalaam aleikum, shehe. Shikamoo."

"Waaleikum salaam. Marahaba, binti. Una nini?"

Nikamwambia baba yangu amepotea. Akachukua karatasi, akaniambia nimpe maelezo ya mzee, atangaze. Nikayatoa kama yanavyotolewa kwetu. Nikataja jina lake, jina la baba yake na la babu yake. Nikataja ukoo. Nikasema shamba lake liko chini ya chemchemi, linapakana na la marehemu fulani, na kwamba dada yake ndiye aliyeolewa Mlalo. Shehe aliandika yote kwa heshima, akapanda kwenye kipaza sauti, akayasoma. Yalisikika mpaka ng'ambo ya mto.

Nikasimama nikingoja mtu aseme, "Ah, huyo!" Kwetu wangesema kabla shehe hajamaliza. Hapa watu walisikiliza mpaka mwisho, wakatazamana, wakanionea huruma, wakaendelea kuvaa viatu. Nikangoja nusu saa. Nilizunguka uwanja ule mara nisizoweza kuhesabu. Juu milimani ukungu ulikuwa umeshaanza kutoka msituni na kuteremka taratibu, na mimi nilikuwa nimevaa koti, lakini yeye alikuwa na sweta tu.

Shehe akaniita. Alikuwa mtu mzima, hakuwa na papara.

"Binti, umetupa shamba na umetupa ukoo," akasema. "Hapa hatulijui shamba hilo. Mtu mwenyewe yukoje?"

"Ni mpole, shehe. Ni mtu wa watu."

"Sikatai. Nakuuliza yukoje. Nikikutana naye barabarani, nimjue kwa kitu gani? Huna picha?"

Nilikuwa nayo moja kwenye simu. Niliipiga kwa nyuma yake akipalilia maharage, kwa sababu hapendi kupigwa picha na mimi sikuwa na ujasiri wa kuzunguka mbele yake. Ulikuwa mgongo wa mzee na jembe. Milima yote hii imejaa migongo ya namna ile. Shehe aliitazama akanirudishia simu.

Daftari lilikuwa kwenye mkoba wangu. Nililitoa nikaufungua ule ukurasa, nikalilaza juu ya ukuta wa msikiti ili niweze kusoma. Karibu yote yalikuwa pale, kwa Kifaransa, kwa mwandiko wa haraka wa mtu anayeiba. Nikaanza kuyarudisha kwenye Kiswahili moja moja.

"Ni mfupi," nikasema. "Amekonda. Ana upara. Bega lake la kushoto limeshuka. Sikio la kulia limekosa kipande, huku juu. Ana kovu karibu na jicho la kushoto. Macho yake ni kahawia, yana duara la samawati. Amevaa sweta la kijani na kofia nyeupe."

Shehe aliandika macho yake yakiwa kwenye karatasi tu. Hakuniangalia hata mara moja, na nilielewa kwamba alikuwa ananisitiri. Kisha akapanda kwenye kipaza sauti, na mwili wa baba yangu ukaenda juu ya Soni nzima, juu ya malori yaliyokuwa yanapakia kabichi, juu ya vibanda, juu ya mto. Mfupi. Amekonda. Ana upara. Bega limeshuka. Nilijiona nimemvua baba yangu nguo mbele za watu. Nilijifunika uso kwa mtandio, nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua ni ya nani.

Lakini watu waliinuka. Safari hii walijua wanatafuta nini. Vijana wa bodaboda walipeana sehemu, wawili njia ya Bumbuli, wawili kwenye maporomoko ya maji, mmoja barabara ya kushuka Mombo. Akina mama wa sokoni walianza kuulizana. Mtu mmoja aliniambia nikae hapo msikitini, akipatikana wataniletea. Kukaa ndilo jambo moja nisiloliweza. Nilitoka nikashika barabara, nikapanda mpaka mwisho wa maduka, nikashuka, nikapanda tena. Ukungu ulikuwa umefika kwenye paa za mabati. Niliuliza kila niliyekutana naye, na wengi walinijibu kabla sijamaliza: "Mwenye bega lililoshuka? Bado, dada, tunamtafuta."

Mbele ya kibanda cha chai nilikutana na wazee wanne wakitoka, mmoja ametangulia, watatu nyuma yake. Nilikuwa nimechoka, nimelowa kwa ukungu, akili haipo. Nikafanya kile ambacho mwili wangu unafanya wenyewe mbele ya wazee.

"Shikamooni," nikasema, na macho yangu yakaanguka chini.

Yakaangukia kwenye katambuga za tairi. Kidole cha pili kilikuwa kimepanda juu ya kidole gumba. Kucha ilikuwa imepasuka katikati.

"Marahaba," mwenye miguu ile akaitikia. "Binti, hujamwona mzee mmoja mfupi, amekonda, bega la kushoto limeshuka?"

Mwenye kibanda alinieleza baadaye. Baba alikuwa pale tangu swala ilipokwisha, amepewa chai na wazee wenyeji, wanaongea mambo ya mbao za zamani. Shehe alipotangaza mara ya kwanza, jina na ukoo na shamba, baba alisikiliza akasema, "Huyo namfahamu. Huyo hajapotea, yuko kwao." Akaendelea kunywa chai. Lilipokuja tangazo la pili aliweka kikombe chini, akavaa kofia, akawaambia wenzake waamke, kuna mzee ataliwa na baridi. Wale watatu walimfuata. Hakuna hata mmoja aliyemtazama bega. Nao ni watu wa milima hii.

Sikuinua macho. Niliogopa nikiyainua atanikimbia tena.

"Bado, baba," nikasema.

"Maskini," akasema. "Mimi mwenyewe nimekuja kumtafuta binti yangu, anasoma hapo. Lakini yule ni mzima, atangoja. Huyu mzee hawezi kungoja." Kisha akagundua kwamba machozi yananidondoka. "Mbona unalia? Wewe ni binti wa nani?"

Ni swali lilelile la jana, ila mara hii liliulizwa kwa upole, kama anavyouliza mtu anayetaka kujua akurudishe wapi.

"Wa huyo mzee," nikasema. "Aliyepotea ni baba yangu."

Akanishika mkono, kwa kiganja kigumu ambacho sikumbuki kilinishika lini mara ya mwisho.

"Usilie," akasema. "Una adabu. Mtu mwenye mtoto kama wewe hapotei hivihivi. Hebu niambie, yukoje hasa? Yule wa kwenye kipaza sauti amesoma haraka."

Hapo niliinua macho, na hakunikataza. Nikamweleza. Nikamwambia ni mfupi, ila mimi siku zote nilimjua ni mrefu. Nikamwambia bega lake limeshuka kwa sababu ya mbao, na kwamba mimi nilisoma kwa mbao zile na sikuwahi kumshukuru. Nikamwambia sikio lake limekosa kipande na sijui kilikwenda wapi, nikimpata nitamwuliza. Nikamwambia jana nilimpigia kelele. Nikamwambia macho yake yana rangi ambayo bado sijaipatia neno.

Alisikiliza yote, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayeelekezwa njia na hataki kuikosea. Nilipomaliza aliupandisha mfuko wa maparachichi kwenye bega lake la kushoto, akatazama barabara ya kwetu, inayopanda ndani ya ukungu.

"Haya, twende," akasema. "Nikimwona nitamjua."